Vihusishi Arobaini vya Mwalimu Ablativu

Chumba namba saba cha ile shule kilikuwa na madawati arobaini, na kila dawati lilikuwa na jina. Ukiingia, upande wa kushoto, penye madirisha na upepo, yalipangwa madawati ishirini na sita. Waliokaa hapo waliitwa Akuzativu. Upande wa kulia, penye ukuta uliopakana na vyoo, yalipangwa kumi. Waliokaa hapo waliitwa Ablativu. Katikati yalibaki manne yasiyo na kwao, na hayo nitayafikia.

Mwenye chumba alikuwa Mwalimu Ablativu. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi, na kila aliposikia limetamkwa nyuma ya mlango alitoka mbio na rula mkononi kumsaka aliyelitamka. Mtu mzima na heshima zake, alisema, ana jina lake, na kumbatiza upya bila idhini yake ni utovu wa adabu. Aliyasema hayo kwa uchungu wa kweli, kisha akarudi darasani kuendelea na kazi yake.

Kazi yake ilikuwa kufundisha Kilatini. Usiniulize Kilatini cha nini. Waanzilishi wa shule waliamini kwamba mtu hajaelimika mpaka ajue lugha moja ambayo hana wa kuzungumza naye. Wazazi nao walifurahi kuliona somo hilo kwenye karatasi ya maelezo ya shule, wakalipa ada wakijua watoto wao wanapata kitu ambacho watoto wa jirani hawapati.

Kwa wasiobahatika kukionja, Kilatini ni lugha ambayo nomino haitulii. Ina mkia, na mkia wake hubadilika kila inapopewa kazi mpya. Kikitokea kihusishi mbele yake, hicho ndicho kinachoamua mkia uweje. Vipo vinavyotaka mkia wa akuzativu, kama ad, yaani kuelekea, au trans, yaani ng'ambo ya. Vipo vinavyotaka ablativu, kama cum, pamoja na, au sine, bila. Halafu vipo vinne vigeugeu, in na sub na wenzao wawili, ambavyo hutaka akuzativu panapokuwa na mwendo na ablativu panapokuwa na utulivu. Hiyo ndiyo sura ya tisa ya kitabu. Kitabu kilikuwa na sura thelathini na mbili, lakini katika miaka thelathini na mitatu ya kufundisha, Mwalimu hakuwahi kufika ya kumi.

Hakufika kwa sababu sura ya tisa aliipenda mno. Siku ya kwanza ya mwaka aliwasimamisha watoto ukutani, akawapitia mmoja mmoja akiwatazama viatu, na kila mmoja akampa kihusishi. "Wewe Ante. Wewe Apud. Wewe, mwenye soksi moja, Sine." Kuanzia hapo mtoto alikaa kwenye dawati la kihusishi chake, akaitwa kihusishi chake, akachapwa kwa kihusishi chake. Wenye viatu vizuri walijikuta dirishani na ndala zikaishia ukutani, ingawa Mwalimu angekuapia kwamba hilo lilitokea lenyewe. Wale wanne wa katikati ndio walioona cha mtema kuni. Mwalimu alipopaza sauti, "Anaingia mjini!" In alitakiwa abebe dawati lake mbio hadi dirishani, maana pana mwendo. "Yumo mjini!" Basi alirudi mbio ukutani, maana ametulia. Muhula ulipokwisha, mtoto alikuwa ameingia mjini na kutulia humo mara mia tatu, na madawati manne yalikuwa yanatafuta fundi.

Hata daftari la mahudhurio aliliandika hivyo. Ad, yupo. Ante, yupo. Coram, mgonjwa. Mwaka ukiisha alifunga daftari, akafungua jingine, akaanza tena na Ad. Ukimuuliza habari za Trans angekuuliza Trans yupi, wa mwaka wa mafuriko au yule mwenye kigugumizi, na angekueleza mwandiko wake na makosa yake yote. Mwalimu alikuwa na kumbukumbu nzuri kupita kiasi, isipokuwa hakuwa na jina la mtu hata mmoja.

Basi mwaka huo bodi ya shule ilipata mwenyekiti mpya, mfanyabiashara wa mbao, mtu wa tumbo kubwa na maneno machache. Alizungushwa shuleni, akafika chumba namba saba, akasimama mlangoni akitazama In akipita na dawati kichwani.

"Hapa panafundishwa nini?"

"Kilatini," alijibu mkuu wa shule, mama mmoja mwembamba aliyependa amani kuliko kitu chochote.

"Kinazungumzwa wapi?"

Mkuu wa shule akakohoa. Wiki ileile barua ikatoka: chumba namba saba kitageuzwa cha kompyuta, na Mwalimu, ambaye umri wa kustaafu alikwisha kuupita na alikuwa akibakishwa kwa huruma ya mwaka hadi mwaka, ashukuriwe kwa utumishi wake.

Mwalimu aliisoma barua mara tatu, kisha akaenda nayo ofisini kwa mwenyekiti, huko kwenye mbao zake, akamkuta anapima ubao kwa futi kamba. Akamweleza habari za nidhamu ya akili na misingi ya fikra. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hata mkuu wa shule hakuwahi kuliweza.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa mbao," akasema. "Nikitaka kujua kama mti wako ni mzuri, nataka niuone ubao. Niletee watu ishirini uliowafundisha, wakae mbele ya bodi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, waseme kimewafaa. Wakifika ishirini, chumba ni chako mpaka uchoke mwenyewe. Wakipungua, sitaki lawama."

Mwalimu alitoka pale anatembea kama kijana. Ishirini! Amefundisha zaidi ya elfu moja. Na lazima niseme ukweli, ingawa nimemdhihaki na nitaendelea kumdhihaki: kile chumba ndicho alichokuwa nacho. Watoto wake walikwisha kuolewa na kuhama, na nyumbani mkewe alikuwa na cherehani mbili na wateja sebuleni tangu asubuhi. Mwanamume asiye na pa kwenda alikuwa akikalia vitambaa vya watu. Alifikiria hayo njiani, akaogopa, kisha akapiga moyo konde.

Wa kwanza alikuwa rahisi kumpata. Fundi majokofu wa mtaa wa pili, yule mwenye duka dogo lililojaa milango ya friji isiyo na friji, alikuwa Sine wa mwaka ule mvua ilipoezua paa la bwalo.

"Shikamoo, Mwalimu!" Fundi aliruka kutoka nyuma ya mashine, akafuta mikono kwenye suruali.

"Marahaba, Sine. Hujambo?"

"Sijambo. Kaa hapa, hiki kiti ni kizima."

Mwalimu akaeleza shida yake. Fundi akasikiliza akitikisa kichwa kwa masikitiko, na kabla hajaulizwa akasimama wima, mikono nyuma, macho kwenye dari, akaimba ablativu zote kumi kutoka a hadi tenus bila kumeza mate. Mwalimu alihisi machozi yanamlengalenga. Miaka ishirini, na hakuna hata moja iliyodondoka.

"Kwa hiyo utakuja?"

"Nitakuja, Mwalimu. Jumamosi hiyo nafunga duka. Ila naomba kitu kimoja, kidogo tu."

"Sema, kijana wangu."

"Mimi jina langu nani?"

Mwalimu akacheka. Fundi hakucheka. "Wewe si Sine?"

"Sine ni dawati. Nakuuliza mimi. Mwaka mzima ulinichapa, na mama yangu alikuwa amenipa jina kabla hajanileta kwako."

Macho ya Mwalimu yakazunguka duka zima yakitafuta pa kushika, yakaangukia cheti cha mafunzo ya ufundi kilichotundikwa ukutani ndani ya fremu. Akajikohoza, akasogea kidogo kana kwamba anafuata kivuli, akasoma jina lililokuwa pale, akalitamka kwa sauti ya mtu asiyesahau kitu.

"Huyo ni shemeji," fundi akasema. "Tunafanya kazi pamoja. Ameenda kununua gesi."

Wa pili alikuwa mkunga wa zahanati, Prope wa mwaka wa mafuriko, mwanamke mnene mcheshi. Bahati ilioje, mkunga alikuwa amevaa kitambulisho kifuani! Mwalimu alikiona kutoka mlangoni, lakini miwani aliisahau nyumbani, na herufi zilikuwa ndogo. Alipoulizwa lile swali, maana naye aliuliza, akainama taratibu na kuyakaza macho, akainama tena, mpaka mama wajawazito waliokuwa kwenye benchi wakaanza kugonganisha viwiko.

"Mwalimu," mkunga akasema akifunika kitambulisho kwa kiganja, "macho juu, tafadhali."

Kufikia jioni, dereva mmoja wa lori, Trans mwenye kigugumizi, alimpigia simu mwenyewe kumpa pole na kumweleza kwamba wote wamekwisha kuambiana. Walikuwa na kundi lao la simu, na fundi majokofu ameandika humo. Watakuja, tena kwa furaha. Bei ni ileile kwa wote: Mwalimu aje mwenyewe hadi mlangoni, na amtaje mtu jina lake.

"S-s-si ugomvi, Mwalimu," alisema dereva. "Ni ha-hamu tu."

Mkewe alisikia habari nzima akiwa anapiga pindo gauni la mteja, akacheka hadi akaukosa mshono.

"Na mimi? Jina langu nani?"

Mwalimu akalitaja haraka haraka.

"Afadhali! Nilishaanza kuogopa." Akakata uzi kwa meno. "Mume wangu, wewe miaka yote hiyo wanakuita Ablativu, unanuna hadi chakula hakishuki. Wao wanune lini?"

Mwalimu akainuka. Alikwenda kukaa uani, juu ya ndoo iliyofudikizwa, na aibu ikampata. Ilichelewa miaka thelathini na mitatu, lakini ilimpata, na ilimstahili.

Kesho yake, masomo yalipokwisha, alikwenda ofisini kwa karani wa shule. Karani alikuwa mwanamke wa makamo, mkimya, mwenye kuchonga penseli kwa wembe mpaka zikawa na ncha ya sindano. Huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja pale. Kila asubuhi Mwalimu alipita dirishani kwake akasema, "Karani, chaki," na chaki ikatolewa. Mezani kwake palikuwa na kibao kidogo cha mbao chenye maandishi, cha kuwaelekea wageni, chenye urefu hasa wa kutundikia kofia. Mwalimu akatundika hapo kofia yake ya pama, kama alivyozoea kila alipoingia.

"Karani, nina shida."

"Najua, Mwalimu. Nilikuwa nakusubiri."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani kidogo." Akavuta kutoka chini ya meza daftari kubwa la uandikishaji, lenye jalada la kitambaa lililoliwa pembeni na mende. Humo mlikuwa na jina la kila mtoto aliyewahi kupokelewa, la kwanza na la ukoo, pamoja na jina la mzazi na mahali alipotoka. Na pembeni ya majina mengi, kwa penseli ya ncha ya sindano, palikuwa pameandikwa neno moja: Ad. Circum. Infra. Propter.

Mwalimu alishika kifua. "Nani kayaandika haya?"

"Mimi."

"Wewe umejuaje nani alikuwa nani?"

Karani alimtazama kitambo. "Wengine nawajua. Wengine nimeuliza."

Makarani wanajua mambo, alijisemea Mwalimu, na akavuta kiti.

Kuanzia siku hiyo, kila alasiri, darasa likafunguliwa katika ofisi ya karani, la mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja mwenye mvi. Karani alitaja kihusishi na Mwalimu akataja mtu. Mwanzoni aliona ni mchezo. Siku ya pili akagundua kwamba majina ya watu hayana mpango wowote, hayafuati mkia wala kichwa, na mtu huyapata kwa kuyameza tu. Akayaimba njiani. Akayaimba kwenye foleni ya maji, na majirani wakamweleza mkewe kwamba mzee ameanza. Alipokosea, karani aligonga meza kwa rula.

"Kosa. Rudia."

"Lakini nilikaribia!"

"Iuxta, yule wa 'karibu na', naye alikuwa anakaribia, Mwalimu. Ulimfanya nini?"

Akarudia. Na katika kurudia akaanza kuyaona mambo ambayo hakuyajua. Supra na Infra walikuwa mapacha, baba mmoja mama mmoja, yeye kampa mmoja jina la 'juu ya' na mwenzake la 'chini ya' kwa ajili ya viatu. Subter, aliyemlaumu miaka yote kwa kusinzia, alikuwa ameandikishwa akitokea mbali sana, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Contra, ambaye alimchapa kuliko wote, alikuwa na jina lilelile ambalo Mwalimu mwenyewe alipewa na wazazi wake. Hapo Mwalimu alirudia jina hilo mara mbili bila kuulizwa, na karani hakugonga meza.

Siku ya nne walifika mwisho wa ukurasa wa mwaka ule ambao ukuta wa vyoo ulibomoka. Kidole cha Mwalimu kikashuka kutoka Pro kwenda Sine, kikasimama mstari wa mwisho. Pembeni yake palikuwa pameandikwa Tenus. Hicho, yaani hadi, ni kihusishi cha ajabu, hakitangulii nomino yake kama wenzake, hukaa nyuma yake na kufuata. Mwalimu alikuwa na desturi ya kumpa mtoto aliyebaki baada ya wote kugawiwa, na dawati lake lilikuwa la mwisho kabisa ukutani, pale harufu ilipozidi.

"Na huyu wa mwisho? Naye anapatikana?"

"Huyo yuko karibu," karani akasema. "Huna haja ya kumtafuta."

"Vizuri. Basi tutamfikia." Nje kengele ya chai ikagonga, Mwalimu akafunga daftari, akachukua kofia yake kwenye kibao, akatoka. Karani alibaki ameshika penseli.

Wiki ya mwisho Mwalimu aliingia mtaani. Alisimama mbele ya duka la majokofu akalitaja jina la fundi, la kwanza na la ukoo, na la baba yake kwa nyongeza, kwa sauti iliyowatoa watu vichwa madirishani. Fundi aligeuka akajifanya anatafuta bisibisi. Mkunga alimkumbatia mbele ya wajawazito. Dereva wa lori aliomba alirudie mara mbili, akashangaa kwamba hakuwahi kulisikia likitamkwa bila kukwama. Mapacha aliwakuta shamba moja, akawataja wote wawili kwa pumzi moja na hakuwachanganya. Kila alikotoka alirudi kwa karani kuripoti, akitundika kofia, akisema, "Kumi na mbili, Karani! Kumi na tano!" na karani akaweka alama ya vema. Ijumaa jioni walikuwa ishirini kamili.

Jumamosi asubuhi bodi ilikaa chumba namba saba, maana mwenyekiti alitaka kukipima ukubwa kwa wakati huohuo. Wajumbe sita walikaa mbele. Mkuu wa shule alikaa pembeni, akiomba kimoyomoyo pasitokee neno. Karani alikaa kwenye kimeza kidogo karibu na mlango kuandika muhtasari. Na wanafunzi wa zamani waliingia, na bila kuambiwa na mtu kila mmoja akaenda moja kwa moja kwenye dawati lake, dirishani au ukutani, wakajibanza kwa magoti yao makubwa wakichekeana.

Mwenyekiti alikuwa amesikia habari za majina, na zilimfurahisha. "Hilo ndilo litakuwa hakikisho," akasema. "Nisije nikaletewa watu wa kukodi. Kila mmoja asimame, Mwalimu amtaje, mimi namhesabu."

Mwalimu akasimama mbele ya ubao. Alikuwa amevaa koti lililopigwa pasi na mkewe, na kofia ameishika mkononi. Akaanza dirishani. Ad akasimama, akatajwa, akaketi. Ante. Contra alipotajwa jina lile waliloshirikiana, Mwalimu alisita kidogo, kisha akasema, "Na unisamehe," na Contra, sasa mzee wa kanisa mwenye kipara, akajibu, "Yameisha." Hata mwenyekiti aliacha kuchezea futi kamba. Mwalimu akahamia katikati, akahamia ukutani. Hakukosea hata moja. Aliyataja kwa raha, akiyaonja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijisikia mwalimu mwenye wanafunzi.

"Kumi na tisa," mwenyekiti akasema.

Dawati la Prope lilikuwa tupu. Fundi majokofu akatoa simu, akasoma, akainua uso taratibu. Mkunga ameitwa alfajiri, uzazi mgumu, haondoki leo.

"Kumi na tisa si ishirini," mwenyekiti akasema, na alisema bila ubaya, kwa namna ambayo angemwambia mteja kwamba ubao umepungua inchi. "Pole sana, Mwalimu."

"Mwenyekiti." Sauti ilitoka mlangoni. Karani aliweka kalamu yake juu ya karatasi, akasimama. "Wa ishirini yupo."

Alipita nyuma ya madawati, taratibu, hadi la mwisho kabisa upande wa ukuta. Akalikalia. Likamkaa sawasawa. "Tenus," akasema. "Mwaka ule ukuta wa vyoo ulipobomoka."

Wanafunzi wa zamani walilipuka kwa makofi na vigelegele. Fundi alipiga dawati kwa ngumi. Mkuu wa shule alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu barua itoke. Mwenyekiti naye akacheka, tumbo likatikisika. "Kumbe alikuwa humuhumu! Haya, Mwalimu, umeokoka. Mtaje tumalize, watu wana njaa."

Karani akasimama, mikono nyuma, kama walivyofundishwa. Uso wake ulikuwa umechangamka hivi kwamba Mwalimu alimwona kijana.

Mwalimu akafungua mdomo.

Aliujua mwandiko wake. Aliijua rula yake na wembe wake na jinsi alivyolamba kidole kabla ya kufungua ukurasa. Alimjua kwa miaka kumi na mmoja ya chaki, na mwaka mmoja wa kabla yake, mtoto mwembamba wa kona ya mwisho ambaye hakuwahi kukosea. Akalitafuta daftari akilini, akashuka na kidole, Pro, Sine, akafika ule mstari wa mwisho, na pale palikuwa na kengele ya chai. Akakiona kibao cha mezani waziwazi kabisa, ubao wa rangi ya kahawia, na juu yake kofia.

Akazungusha ile kofia mikononi. Walisubiri. Kwanza walisubiri wakitabasamu, kisha wakasubiri tu. Fundi majokofu alikuwa anatamka kitu kwa midomo bila sauti, akimsaidia, lakini Mwalimu hakuweza kusoma midomo kama alivyokuwa hawezi kusoma kitambulisho.

"Karani..." akasema mwishowe.

Yule mwanamke aliendelea kusimama kwa muda, huenda alidhani kuna neno linafuata. Halafu mwanga ukamtoka usoni. Akarudi kwenye kimeza chake, akavuta kiti, akachukua kalamu. Chumba kizima kilimsikia akiandika. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kwa Mwalimu kama angekuwa nayo.

"Waliotambuliwa," akasoma kwa sauti yake ya kila siku, "kumi na tisa."

Mwenyekiti alitazama meza yake, akasema sheria ni sheria, na kikao kikafungwa. Watu wakatoka, kila mmoja akimpa Mwalimu mkono.

Muhtasari uliletwa mbele yake atie sahihi kama mhusika. Safari hii alikuwa na miwani. Akasaini, na macho yake yakashuka hadi mwisho wa karatasi, pale ambapo mwandishi wa muhtasari huandika jina lake kwa ukamilifu. Lilikuwa jina jepesi, fupi, la aina ambayo mtoto wa darasa la kwanza angelishika kwa mara moja. Akalisoma kwa sauti, la kwanza na la ukoo, bila kosa.

"Abee, Mwalimu," akaitika mwenye jina kutoka mlangoni. Akaja hadi mbele yake, akanyoosha kiganja.

"Naomba ufunguo wa chumba."